Glavu ya Kushoto

Kumbukumbu namba elfu nne mia nane na tatu.
Glavu, moja. Sufu. Ya mkono wa kulia.
Mfumaji: hajulikani.

Basi. Kadi haisemi zaidi,
lakini picha, ukiivuta, inakuja,
inakuja mpaka kioo kizima kinakuwa nyuzi,
mpaka unaona unyoya mmoja wa kondoo uliokataa rangi.

Mimi ni mlinzi wa usiku, karakana ya tramu, Liepāja.
Tramu zikishalala nabaki na upepo, birika,
na kompyuta ya ofisi ambayo mchana huhesabu tiketi.
Usiku ule wa Februari ilinihesabia vitanzi.

Sitini na vinne kuzunguka kifundo cha mkono.
Nyota ya pembe nane, nyeupe juu ya nyekundu,
kisha nyota nyingine, kisha
safu ya thelathini na moja, karibu na gumba,
kitanzi kimoja chekundu kimekaa
mahali pa cheupe.

Nilidhani ni vumbi la kamera.
Nikamwita Gundars, fundi umeme, aje na miwani yake.
Akahesabu kwa ncha ya bisibisi, bila kugusa kioo.
"Kosa," akasema. "Amekosea, mama wa watu."
Akarudi kwenye nyaya zake akipiga mluzi
kama mtu aliyesamehewa deni.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri mchana.
Nani aligonga mlango, bibi, ukiwa safu ya thelathini na moja?
Taa iliishiwa mafuta? Mtoto alilia?
Au ulikiona, ukasema kimoyomoyo: potelea mbali,
baridi haijui kuhesabu?

Sufu nilinunua kwa Ausma, sokoni.
Nyekundu yake ya kwanza ilikuwa ya bendera, nikairudisha.
Ya pili ya nyanya.
Ya tatu aliichemsha mwenyewe na mizizi, akinitukana,
nayo ikatoka kama damu iliyokauka kwenye kitambaa.
Ndiyo hiyo, nikamwambia.

Picha nikaigeuza, kulia ikawa kushoto,
nikaanza kufuma ile ambayo makumbusho hayana:
pacha aliyepotea njiani,
labda kwenye theluji, labda vitani,
labda mbwa tu.

Wiki ya tatu nikafika pale.
Kosa si kosa, husemwa; kosa kurudia kosa.
Sindano ikasimama hewani.
Mwanangu Vizma, kwenye simu:
"Weka cheupe, mama, nani atajua?"

Nani atajua.

Nje tramu ya kwanza ilikuwa ikiwashwa taa.
Nikavuta uzi mwekundu.
Nikarudia kosa.

Baadaye niliwaandikia watu wa makumbusho:
chukueni hii ya kushoto, bure, zikae pamoja.
Wakajibu kwa adabu, aya mbili. Makabati yamejaa.
Lakini chini ya sahihi mtu alikuwa ameongeza,
kwa haraka, bila herufi kubwa:
hiyo safu ya thelathini na moja, umeionaje?
sisi hatukuwahi kuiona.

Kwa hiyo naivaa mwenyewe.
Nikienda zamu, kushoto kuna joto la mtu nisiyemjua jina
ila najua alipokaza uzi na alipochoka.
Kulia ni mkono mtupu, mwekundu kwa baridi,
umekaa kama kile kitanzi.
Abiria hunionea huruma. "Umepoteza moja, mama."
Haijapotea, nawaambia. Ipo kwenye droo,
imelala juu ya karatasi isiyo na asidi,
ina namba.

Na mkono huu siufuniki hata upepo wa bahari ukiuma.
Saa saba usiku, birika likianza kuguna,
nitaunyoosha tena kwenye kile kioo.
Kioo hakitambui sufu.
Kinataka ngozi.